Ridhaa au Idhini? Msamiati wa Faragha ya Kidijitali Afrika Mashariki

Mjadala wa faragha ya kidijitali katika Afrika Mashariki umeelemea kwenye sheria, na kidogo mno kwenye msamiati. Sheria zipo: Kenya ilipitisha yake mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Zote zinampa mwenye taarifa sauti juu ya nani azitumie, na kwa Kiswahili sauti hiyo imezoeleka kuitwa ridhaa. Makala haya yanadai kuwa neno hilo limetwishwa mzigo usiobebwa na utendaji.

Idhini ni ruhusa. Mtu anaweza kuitoa huku amenuna. Ridhaa hutaka moyo utulie. Ni ndugu wa radhi, ile ambayo mzazi humpa mwanawe na ambayo haipatikani kwa kushurutishwa. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku ridhaa na idhini hubadilishana nafasi, lakini msikilizaji makini huiona tofauti.

Mkazi wa Gahanga, wilayani Kicukiro, anapojisajili katika programu ya simu hukutana na masharti marefu, kisha kitufe kimoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ilhali Sheria Na. 058/2021 ilichapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hilo ni pengo, ila si kiini cha tatizo, maana hata mwenye kuielewa sheria kwa Kinyarwanda hukibonyeza kitufe kilekile: asipokibonyeza, hahudumiwi. Hiyo ni idhini, tena ya mwenye shida.

Kenya ilionyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Jijini Nairobi, watu walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakilipwa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Hakuna aliyeburutwa. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe, kwa kuwa kukubali kulikovutwa kwa malipo hakukutosha. Mahakama ilifika hapo kwa Kiingereza. Neno ridhaa lilikuwa limekwisha kufika.

Wafasiri wa matini za simu wangetenda haki kuandika idhini kwenye kitufe, na kuiacha ridhaa kwa pale ambapo mtumiaji anaweza kukataa na bado akahudumiwa.