Tone Dogo Lililo Hai: Jinsi Mafuta ya Mwili Yanavyohamishiwa Usoni

Uso unaozeeka haulegei ngozi tu, bali pia hupungukiwa na mafuta yaliyo chini yake, hasa mashavuni, kwenye panja na kuzunguka macho, ndiyo maana upasuaji wa kuvuta na kukata ngozi peke yake huweza kuacha uso uliokazwa ambao bado umebonyea. Upandikizaji wa mafuta, yaani kuyatoa tumboni au mapajani mwa mtu na kuyaingiza usoni mwake mwenyewe, hukusudia kurudisha ujazo uliopotea.

Wazo hilo ni la zamani, kwani mwaka 1893 Gustav Neuber, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alihamisha vipande vya mafuta kutoka mkononi ili kujaza kovu la usoni, na alibaini mapema kwamba vipande vidogo hushika vizuri kuliko vikubwa. Funzo hilo halikupata mbinu thabiti hadi Sydney Coleman wa New York alipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1980, kuyashughulikia mafuta kama tishu hai ambayo hufa ikikosa damu.

Katika mbinu yake, mahali pa kutolea mafuta hudungwa kwanza maji yenye dawa ya ganzi na adrenalini, ambayo hubana mishipa ili damu isivuje sana. Mafuta hufyonzwa kwa bomba la sindano la mililita 10 linalovutwa taratibu kwa mkono, kwa kuwa mvuto mkali hupasua seli, kisha bomba huzungushwa katika mashine kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 3, mpaka yaliyomo yajitenge: juu huelea mafuta ya seli zilizopasuka, chini hutuama damu na maji ya ganzi, na katikati hubaki seli nzima, ambazo ndizo zinazotafutwa.

Ustadi wenyewe, hata hivyo, umo katika kuyaingiza. Daktari hutumia bomba la mililita 1 lenye kanyula, yaani mrija mwembamba wenye ncha butu, ambao huupenyeza hadi mwisho wa njia na kuachia mafuta wakati wa kuurudisha nyuma tu, akiweka sehemu ya kumi ya mililita au pungufu kwa kila mpito, katika njia nyingi zenye vina tofauti. Subira hiyo ina sababu: kwa siku za mwanzo tone halina mshipa wake, hivyo hutegemea oksijeni inayopenya kutoka tishu jirani. Kotaro Yoshimura na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba seli za mafuta zinazosalimika ni zile zilizo ndani ya takriban mikromita 300 kutoka ukingoni, ilhali zilizo ndani zaidi hufa, baadhi zikifidiwa na mafuta mapya yanayojengwa na seli shina, na za kitovuni, tone likiwa kubwa, hugeuka uvimbe wa mafuta au kovu.

Ubutu wa kanyula nao ni kinga nzito. Mishipa iliyo katikati ya nyusi huungana na ateri ya jicho, na mafuta yakisukumwa kwa nguvu ndani yake huweza kurudi hadi kwenye retina na kuleta upofu, ambao aghalabu hautibiki.

Tena, tofauti na kijazio cha asidi ya hayaluroniki, ambacho huyeyushwa kwa kimeng'enya, mafuta yaliyokwisha kushika vibaya chini ya ngozi nyembamba ya kope hayana dawa kama hiyo, na mhusika akinenepa, nayo hunenepa pamoja naye.