Mapenzi ya Maktaba na Thamani Yake

Wapenzi wa maktaba za umma huzisifu kwa moyo kuliko kwa hoja. Husifu utulivu wake, harufu ya karatasi kuukuu, na furaha ya mtoto atokaye na kitabu cha kuazima kwapani. Sifa hizo si za uongo, lakini hazitoshi, kwa maana utulivu hupatikana hata makaburini. Hapana budi kuuliza ni kitu gani hasa kinachopendwa.

Maktaba ya McMillan ya Nairobi yafaa kuwa mfano. Bibi Lucie McMillan aliijenga kwa ukumbusho wa mumewe, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Ilifunguliwa mwaka 1931, nguzo zake ndefu, na sanamu mbili za simba mlangoni. Lakini mpaka mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwa miaka 27 watu wengine walipita barabarani wakawaona simba, wasivione vitabu. Mithali husema penye miti hapana wajenzi. Huko miti na wajenzi walikuwako, ila mlango ulisimama kati yao.

Mlango ulipofunguliwa, kuta hazikubadilika wala simba hawakusogea. Thamani ndiyo iliyobadilika. Mwaka 1962 maktaba ikawa mikononi mwa Baraza la Mji. Basi thamani haikai katika jiwe, wala katika kitabu peke yake, bali katika haki ya mtu yeyote kukishika. Soko huuliza fedha, ofisi huuliza shida. Maktaba humpa mgeni mali ya wote, ikitumaini kwamba atairudisha. Kinachougusa moyo ni huko kuaminiwa.

Yamkini mtu atasema kwamba nyumba iliyoanza kwa ubaguzi haistahili kupendwa. Hoja hiyo ni nzito, nayo haifai kufunikwa kwa sifa. Lakini kuiacha nyumba hiyo ni kuwaachia urithi wale walioufungia. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya mashariki ya mji, yameonyesha kwamba chombo chaweza kuishi zaidi ya nia finyu ya wakati wake.

Hata hivyo, paa livujalo halizibwi kwa kumbukumbu tamu. Apendaye maktaba na ayapime mapenzi yake mlangoni: unamfungukia nani, na nani angali amesimama nje?