Vyote Viwe Kama A

Dada mmoja anayefanya kazi ya kunakili mahojiano ya Kiswahili nyumbani kwake Makongeni, Thika, aliniletea kibodi yake hapa Ruiru na ombi fupi: "Fundi, nataka vitufe vyote viwe kama A." Nikabonyeza A, kisha S. A ilishuka laini. S ilikwaruza kama droo ya mbao iliyovimba kwa mvua.

Sababu ni Kiswahili chenyewe. Hakuna herufi tunayoibonyeza zaidi ya A. Andika "wanafunzi walikaa darasani" uhesabu: herufi 24, na 8 kati yake ni A. Kwa miaka, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeisugua plastiki ya swichi iliyo chini ya kitufe hicho hadi ikawa laini. Kazi yangu ilikuwa kuzipa swichi nyingine 86 ulaini huo kwa jioni mbili.

Wengi wangemshauri anunue swichi mpya. Naona huko ni kutupa pesa, kwa sababu hata swichi mpya nyingi huja zikikwaruza. Umbo lake ni lile lililotoka kwa Cherry ya Ujerumani miaka ya 1980, ambalo leo Gateron, Kailh na Outemu za China hulitengeneza pia: ganda la juu na la chini, springi, vibati viwili vya kupitisha umeme, na stemu inayopanda na kushuka katikati. Stemu husafiri milimita 4 tu. Mkwaruzo mwingi huzaliwa kwenye reli zake za pembeni, zinapopita katika mifereji ya ganda.

Swichi zake ni za kahawia, zenye kinundu kinachokiambia kidole kwamba herufi inaingia. Hapo ndipo wengi huharibu. Kinundu kiko kwenye miguu miwili ya stemu inayosukuma kibati. Ukiipaka grisi, kinundu hufifia na kidole hubaki kikipapasa. Kwa hiyo miguu niliiacha mikavu. Reli nilizipaka grisi ya Krytox 205g0 kwa brashi nyembamba ya mchoraji, kiasi cha plastiki kubadilika mng'ao tu. Ukiona weupe wa grisi, umezidisha. Futa uanze upya.

Kabla ya kujua hayo niliwahi kupaka kibodi yangu mafuta ya mgando ya kujipaka. Vumbi jekundu la huku likanaswa humo, na baada ya miezi michache nilikuwa nikichokoa tope kwa kijiti cha meno. Mafuta hayo, yatokanayo na petroli, pia yanaweza kudhoofisha baadhi ya plastiki. Krytox haina tabia hiyo.

Springi nazo zilikuwa zikilia kama waya uliopigwa kucha. Ughaibuni watu huzitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na matone ya mafuta mepesi, kisha hutikisa. Hapa Kenya mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017. Chupa tupu ya vidonge ilitosha kabisa.

Bodi yake ina soketi, hivyo swichi zilichomoka kwa kibano bila kuyeyusha lehemu. Kitufe kirefu cha nafasi ndicho kilichonichosha. Kelele yake haitoki kwenye swichi. Inatoka kwenye waya unaokisawazisha, na ncha zake zilihitaji grisi nzito, mara tatu, ndipo ukaacha kutetema.

Swichi ya A niliifungua mwisho. Reli zake zilikuwa na mistari miwili inayong'aa kama ndani ya kinu cha zamani. Nilipaka mafuta springi yake tu, reli nikaziacha zilivyo.

Alipokuja kuichukua alifumba macho, akapitisha vidole safu ya kati kutoka A hadi L na kurudi. Kisha akarejea kwenye S, akaibonyeza tena na tena.