Nafasi ya Kidole Kimoja

Kila Desemba barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hupandisha Kilimanjaro msururu wa magari, na watani hawachoki kusema kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Kati ya Noah na Prado zilizosheheni mizigo ya sikukuu hukosi kuona Altezza au Impreza iliyovalishwa rimu pana zinazong'aa. Mjini Moshi, penye lami iliyonyooka, magari ya namna hiyo hupita kwa madaha. Yakishaanza kupanda kuelekea Kibosho, Machame au Marangu, na kiti cha nyuma kikiwa na watu watatu, ndipo hutengana: moja hukata kona kimya, jingine hukwaruza mpira kwenye madigadi kila linapoinama. Huenda yalitoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Kinachoyatofautisha ni fundi aliyechagua saizi ya matairi.

Kijana huingia gereji na rimu zake kwenye buti. "Fundi, nivalishe pana kabisa," anasema. Fundi wa pupa huuliza ana shilingi ngapi. Fundi hodari huuliza: "Nyumbani ni wapi, kaka?" Jibu likiwa Uru au Mwika, tayari ameshapunguza nusu ya matairi yaliyomo dukani. Swali la pili ni watu wangapi hukaa nyuma, na la tatu ni kama springi zimekatwa. Hajashika jeki bado, lakini kazi imeshaanza.

Tuchukue Altezza RS200, gari ambalo vijana wa Moshi na Arusha wanalipenda kwa injini yake ya mbele inayosukuma magurudumu ya nyuma. Toyota ililiunda kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na kiwandani lilivaa tairi la 215/45R17 juu ya rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7. Namba hizo fundi huzisoma kwa kuzipigia hesabu. Upana wa tairi ni milimita 215. Ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, yaani karibu milimita 97. Ubavu wa juu na wa chini ukijumlishwa na inchi 17 za rimu, tairi zima lina kimo cha milimita 625. Namba hii ya mwisho haikuandikwa popote kwenye tairi, nayo ndiyo mafundi huichunga kuliko zote, kwa sababu mshale wa spidi, breki za ABS na nafasi ndani ya madigadi vyote vilipangwa kwa kuifuata.

Sasa kijana ameleta rimu za upana wa inchi 8. Matairi yanayoweza kukaa humo ni mengi, na kila moja lina deni lake. Lile la zamani la 215 litaingia, ila litavutwa hadi mwisho wa kiwango chake, na ukingo wa rimu utabaki wazi kwa kila jiwe la njia ya Kibosho. 235/40 ni pana na inapendeza, lakini ubavu wake ni milimita 94, na gari litashuka karibu milimita 3. 235/45 ina ubavu mrefu wa kutosha, ila kimo chake hufika milimita 643: mshale ukisema 100, gari linakimbia karibu 103, na tairi limesogelea madigadi kwa milimita 9 kutoka kila upande. Inabaki 225/45, yenye kimo cha milimita 634. Spidi inapotea kwa kilomita moja na nusu tu katika mia, ubavu unafika milimita 101, na tumbo la gari linainuka milimita 4 na nusu. Huku mlimani, ambako mifongo, yaani mifereji ya maji, na matuta hukata barabara bila taarifa, milimita hizo nne na nusu fundi hazidharau.

Hesabu ya kimo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ofseti, umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaobanwa kwenye habu. Hapa ndipo wengi huumizwa, kwa kuwa rimu mbili za upana mmoja zinaweza kukaa mahali tofauti kabisa. Altezza ilitoka na ofseti ya 50. Rimu ya inchi 8 imezidi ile ya zamani kwa milimita 25, na ofseti ikibaki 50 zitagawanyika: karibu 13 kuelekea nje, karibu 13 kuelekea shokapu. Rimu za kijana zina ofseti ya 35. Uso wake wa nje utatoka karibu milimita 28, na uso wa ndani utaachana na shokapu kwa milimita 2 zaidi ya ilivyokuwa. Kwa ndani kuna amani. Vita vitakuwa nje, kwenye ukingo wa madigadi.

Fundi haamini hesabu peke yake. Huinua gari kwa jeki, hulaza ubao ulionyooka kwenye rimu ya zamani na kupima kwa rula, kisha hufanya hivyohivyo kwenye ile mpya. Hufunga gurudumu moja tu la mbele na moja la nyuma, na hupaka chaki nyeupe ndani ya madigadi. Gari hushushwa. Vijana watatu wa gereji huitwa wakae nyuma, na wanakaa kwa furaha, maana hii ndiyo kazi ya kukaa pekee katika siku yao. Usukani hukatwa hadi mwisho, kulia na kushoto, na gari huvukishwa taratibu kwenye tuta lililo karibu. Likirudi, fundi hupiga magoti na tochi. Chaki iliyofutika ndiyo shahidi wake. Ikiwa nzima, huingiza kidole kati ya tairi na bati pale penye ufinyu zaidi. Kidole kikipita, anasimama. Kisipopita, anarudia hesabu, hata kama mteja ameshatoa simu kupiga picha.

Nafasi hiyo ya kidole ndiyo bidhaa yake halisi. Mteja analipia mpira na aloi, lakini anachokwenda nacho nyumbani salama ni hewa iliyoachwa kati ya tairi na gari. Fundi cherehani mzuri huacha upindo ndani ya suruali kwa ajili ya mwili utakaobadilika; fundi wa matairi huacha milimita kwa ajili ya ndizi, mifuko ya mbolea na mashangazi watakaopakiwa baadaye. Kujaza nafasi yote ni rahisi, na picha zake hupendeza. Kujua kiasi cha kuacha kunahitaji kuijua njia yenyewe, kona kwa kona.

Lipo pia suala ambalo wateja huona tabu kuliamini: tairi pana haliongezi sana eneo linaloshika barabara. Altezza ina uzito wa takribani kilo 1,340, na kila gurudumu hubeba kama kilo 335. Kwa upepo wa psi 32, eneo linalogusa lami ni kama sentimita 150 za mraba, tairi liwe jembamba au pana. Upana hubadilisha umbo la eneo hilo: linakuwa fupi mbele na nyuma, refu kwenda pembeni. Umbo hilo husaidia gari kushika kona kwenye lami kavu. Masika yanapoanza mwezi Machi, umbo hilohilo hulazimika kusukuma maji mengi zaidi kwa mara moja, na tairi lililokwisha kashata, yaani meno yake, huanza kuelea. Juu zaidi, lami inapokoma, udongo wa volkano ukilowa huwa sabuni, na tairi jembamba hupata nafuu kwa kuchimba chini hadi lishike kitu kigumu.

Mashindano ya magari yalilitambua hilo mapema. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Impreza ambayo vijana huiabudu ni ya ukoo wa gari ambalo Colin McRae alishindia Safari ya mwaka 1997. Hata leo magari ya ubingwa wa dunia huvaa rimu za inchi 15 kwenye vumbi na za inchi 18 kwenye lami. Timu zenye fedha nyingi kiasi hicho hazijapata tairi moja linalofaa kote. Mtu wa Moshi mwenye seti moja ya matairi, anayeamkia lami ya mjini na kulala kwenye vumbi la kihamba, shamba la nyumbani, hana budi kuchagua la katikati.

Baada ya saizi kuna mambo madogo ambayo hayaonekani kwenye picha. Namba ya uzito iliyo pembeni ya saizi hupimwa: 91 inabeba kilo 615, 94 inabeba 670, na fundi hatafunga tairi lenye namba pungufu ya ile ya kiwandani. Tairi la mtumba husomwa tarakimu nne za mwisho za msimbo wake wa kiwandani. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021, na mpira uliozeeka hukataliwa hata kama una kashata nzuri. Tundu la katikati la rimu nyingi za dukani ni milimita 73.1, ilhali habu ya Altezza ni 60.1, kwa hiyo huwekwa pete ya kuziba tofauti hiyo, la sivyo usukani utatetemeka gari likishika kasi. Nati hubadilishwa pia: za kiwandani nyingi zina kikalio bapa, rimu za dukani hutaka za koni. Hukazwa kwa mpango wa msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu, hadi nyutoni-mita 103. Kisha huja agizo: "Ukifika Arusha, zikaze tena." Ni kilomita 80 hivi, umbali wa kutosha kwa rimu mpya kujikalisha.

Upepo una hesabu yake ya mlimani. Tairi lililojazwa psi 32 Dar es Salaam likipelekwa lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, geji ingesoma karibu psi 3 zaidi, kwa kuwa hewa ya nje imepungua nguvu. Lakini baridi ya huko huisinyaza hewa iliyo ndani, na nyuzijoto 12 zikishuka huondoa karibu psi 2. Mwisho wa yote tofauti ni kama psi moja. Ndiyo maana fundi mtulivu hakubali kupunguza upepo kwenye gari lililowasili sasa hivi na matairi ya moto. Humwambia mwenyewe alale, apime alfajiri kabla hajaliwasha, mahali litakapokuwa likizo nzima.

Kazi ikiisha, wapo mafundi wanaochukua kipande cha boksi na kuandika: rimu 17 kwa 8, ofseti 35, tairi 225/45R17, uzito 94, upepo 32, pete 73.1 kwa 60.1. Hukiweka kwenye droo ya dashibodi bila kuombwa. Siku tairi litakapopasuka Korogwe au Chalinze, fundi wa huko, asiyewahi kumwona mwenzake wa Moshi, ataanza na vipimo vilivyojaribiwa kwa chaki na watu watatu kiti cha nyuma, na hatalazimika kubahatisha.