Prosesa ya Athlon na Mkono wa Fundi

Septemba 2001 jarida la mtandaoni la Tom's Hardware, lililoanzishwa na daktari Mjerumani Thomas Pabst, lilichukua prosesa nne, likazipa kazi nzito ya kuendesha mchezo wa Quake III, kisha likang'oa hitisinki, yaani chuma cha kupoza prosesa, huku kompyuta zikiendelea kufanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo, lakini mchezo haukukatika. Pentium III iliganda, na ilipopoa ikaonekana ni nzima. Athlon mbili za AMD ziliungua. Watetezi wa AMD walijibu kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeng'oa hitisinki kompyuta ikiwa inawaka, na katika hilo walikuwa na haki.

Jaribio lile, hata hivyo, lilionyesha kitu ambacho kila aliyefunga Athlon alipaswa kukijua kabla hajashika bisibisi. Prosesa ile haikuwa na mlinzi mwingine ila mgusano wake na kile kipande cha chuma chenye mapezi kilichokaa juu yake. Dukani mteja huuliza ukubwa wa feni, kasi yake na kelele zake. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini kazi ya kufunga hitisinki huamuliwa mahali ambapo jicho halifiki, pale chini ambapo chuma kinagusa silikoni. Feni bora juu ya mgusano mbovu haisaidii kitu, kwa sababu joto halijafika kwenye mapezi ili lipeperushwe.

Tuanze na hesabu. Athlon ya GHz 1.4, iliyojulikana kwa jina la Thunderbird, ilikula hadi wati 72. Joto hilo lote lilitoka kwenye kipande cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 120 hivi, yaani zaidi kidogo tu ya sentimita moja ya mraba. Kipande chenyewe hakifiki hata nusu gramu. Ukikiacha bila kitu cha kupokea joto, wati 72 zinatosha kukipandisha mamia ya nyuzi ndani ya sekunde moja. Kikomo alichokiweka mtengenezaji kilikuwa kati ya nyuzi 90 na 95, kulingana na toleo. Hakuna binadamu mwenye mkono mwepesi wa kuiwahi swichi kwa kasi hiyo. Tena Thunderbird haikuwa na kipimajoto ndani ya silikoni yake. Ubao mama ulitegemea kihisi kidogo kilichosimama katikati ya soketi, chini ya prosesa, na joto lilipofika huko mambo yalikuwa yameshaharibika.

Sasa ingia katikati ya silikoni na hitisinki. Nyuso hizo mbili huonekana laini kama kioo, lakini kwa vipimo vya maikromita zina mabonde na vilima, na kwenye mabonde hukaa hewa. Kwa kipimo ambacho wahandisi hutumia kulinganisha vitu vinavyopitisha joto, shaba ina takriban 400, alumini 200 na ushei, hewa ina 0.026. Pesti nyingi nzuri, yaani krimu inayopakwa kati ya nyuso hizo mbili, ziko kwenye tarakimu moja, tuseme 4. Kwa hiyo pesti hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko hewa, na wakati huohuo ni duni mara mia ikilinganishwa na shaba. Ukiyashika mambo hayo mawili pamoja hutahitaji kukariri kanuni yoyote ya namna ya kupaka. Pesti ipo ili kuifukuza hewa, basi. Inayobaki baada ya hapo ni kizuizi.

Chukua tabaka la pesti hiyo lenye unene wa milimita 0.05, liweke juu ya Thunderbird inayotoa wati 72. Joto litapanda kama nyuzi saba au nane kulivuka tabaka hilo, na hasara hiyo inavumilika. Lifanye nene mara nne, milimita 0.2, na hasara inafika nyuzi 30, kabla hata hujahesabu hitisinki yenyewe wala joto la chumba. Toa pesti kabisa uache hewa ya unene uleule wa milimita 0.05: hesabu inatoa zaidi ya nyuzi 1,000. Bila shaka silikoni haifiki huko, inakufa mapema. Sufuria likikaa upande kwenye mafiga, wali huiva upande mmoja tu na mpishi huligeuza. Athlon iliyofungiwa hitisinki iliyokaa upande haikumpa fundi nafasi hiyo.

Na kukaa upande kulikuwa rahisi mno, kwa sababu ya jinsi soketi yenyewe ilivyobuniwa. Soketi A, yenye matundu 462, iliipokea prosesa bila nguvu yoyote: unainua wenzo, unalinganisha pembe, prosesa inazama kwa uzito wake, unashusha wenzo. Hatua hiyo haikumsumbua mtu. Taabu ilianza baadaye. Prosesa ilikuwa sahani ya upana wa sentimita tano hivi, na silikoni ilichomoza katikati yake ikiwa uchi, bila kifuniko. Hitisinki ililala juu ya kilima hicho kidogo huku pembeni ikiwa haina cha kuegemea isipokuwa vipande vinne vya mviringo vya sponji ambavyo AMD ilivibandika karibu na pembe za sahani. Kisha klipu ya chuma cha pua, ngumu kama springi, ilipita katikati ya mapezi na kushikwa na ndoano za plastiki zilizotokeza kwenye pande mbili za soketi.

Fundi aliishika ndoano ya upande wa kwanza, na hiyo ilikuwa nyepesi. Ndoano ya pili ilimlazimu kuingiza ncha ya bisibisi bapa kwenye tundu la klipu, kukandamiza chini kwa nguvu, kisha kusukuma nje kidogo ili klipu iruke juu ya ndoano na kuingia mahali pake. Hebu fikiria kinachotokea wakati huo. Nguvu inashuka upande mmoja, upande wa pili umekamatwa, na katikati kuna kilima cha silikoni. Hitisinki inainama na uzito wote unakwenda kwenye ukingo mmoja, au vibaya zaidi kwenye pembe moja. Silikoni ni ngumu lakini haipindi, inakatika. Pembe zilizomeguka zilikuwa maradhi yanayojulikana ya kizazi kile cha Athlon, na hapakuwa na dawa, ingawa prosesa nyingine iliendelea kufanya kazi ikiwa imepoteza kipande kidogo kisicho na transista.

Bisibisi nayo ilikuwa na hatari yake. Ikiteleza, ncha yake iliangukia kwenye ubao mama, mahali ambapo nyaya nyembamba za shaba zimepita chini ya rangi ya kijani, na mkwaruzo mmoja ulitosha kuua ubao uliokuwa mzima dakika moja iliyopita. Ndoano ya plastiki ikivunjika, soketi yote ingeweza kukosa kazi. Hitisinki za bei ya chini zilishika ndoano ya katikati peke yake kila upande. Nzuri zilishika tatu kwa mkupuo, nguvu ikagawanyika. Kama kuna senti iliyostahili kuongezwa enzi zile, nasema ilikuwa kwenye klipu ya ndoano tatu kabla ya kufikiria feni yenye kasi zaidi.

Kulikuwa na mtego mwingine uliokuwa kimya kuliko huo. Upande mmoja wa Soketi A, ule wenye mtambo wa wenzo, ulikuwa umeinuka kidogo kuliko sehemu nyingine. Ndiyo maana kitako cha hitisinki kilichongwa ngazi upande mmoja ili kuupisha. Ukiigeuza hitisinki nyuma mbele, klipu inafunga vilevile na kwa macho kila kitu kiko sawa. Lakini kitako kimepanda juu ya ukingo wa soketi na kimeinuka kutoka kwenye silikoni kwa kiasi cha unywele, na tumeona hewa ya unene huo inafanya nini. Kosa la namna hii halitoki kwa mzembe peke yake. Linampata pia mtu makini anayefanya kazi jioni, ndani ya kasha lenye giza, akiwa hajaambiwa atazame nini.

Hapo ndipo hukumu yangu ilipo. Chombo kinachomtaka fundi alenge sawasawa kila mara, kwa nguvu nyingi, juu ya kitu kinachovunjika, kimemwachia fundi kazi iliyokuwa ya mbunifu. Waliotetea Soketi A walisema watu wajifunze kufunga vizuri. Wajifunze, naam, lakini wahandisi wenyewe walijibu kwa namna nyingine, na majibu yao yanaonekana katika soketi zilizofuata.

Pentium 4 ilikuja na kifuniko cha shaba kilichopakwa nikeli juu ya silikoni. Kifuniko hicho kilitandaza joto kwenye eneo kubwa zaidi, na kikaipa hitisinki uwanja mpana wa kulala usiovunjika. Kwenye Soketi 478 hitisinki ilishikwa na fremu ya plastiki iliyofungwa kwenye ubao, na nyenzo mbili ziliibana. Nguvu ilikuwa ileile bila kujali nani anazivuta, na bisibisi haikuhitajika karibu na nyaya za ubao. Ilikuwa nguvu nyingi. Ubao mama ulipinda kidogo, na anayeufunga mara ya kwanza huingiwa na hofu. Lakini prosesa haikuguswa na pembe ya kitu. AMD nayo ilipotoa Athlon 64 mwaka 2003 iliweka kifuniko, pamoja na fremu iliyokazwa kwa bamba la chuma nyuma ya ubao.

Si kila hatua iliyofuata ilikuwa mbele. Mwaka 2004 Intel ilileta soketi ya LGA775 na hitisinki ya mviringo yenye miguu minne ya plastiki inayosukumwa hadi ilie. Inafungwa kimshazari: mguu mmoja, kisha ule ulio mkabala nao, halafu miwili iliyobaki. Tatizo ni kwamba mguu unaweza kulia bila kushika. Njia ya pekee ya kuwa na hakika ni kutazama nyuma ya ubao na kuona ncha nne za plastiki zimetokeza zikiwa zimepanuka. Ubao ukiwa tayari umefungwa ndani ya kasha hilo haliwezekani, kwa hiyo hitisinki ya aina hii ifungwe ubao ukiwa nje, juu ya meza. Nimeona ikifanywa kinyume kwa ajili ya kuokoa dakika kumi, na dakika kumi hizo hulipwa baadaye kwa kompyuta inayozima kila mchana.

Mchana ni neno la kuzingatia huku kwetu. Hitisinki ya feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Tuseme hitisinki inaongeza nyuzi 0.6 kwa kila wati: kwa wati 72 ni nyuzi 43 juu ya hewa ya ndani ya kasha. Kwenye chumba cha nyuzi 20 huko Ujerumani, kasha likiwa na nyuzi 26, prosesa inakaa kwenye 69. Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32 na kasha 38, inafika 81. Hitisinki ni ileile na fundi ni yuleyule, lakini nafasi ya kukosea imepungua kwa nyuzi 12. Pesti nene inayovumilika kwao inaua kwetu. Kompyuta nyingi za mezani zilizofika Afrika Mashariki zikiwa zimeshatumika ng'ambo zilikuja na pesti iliyokauka na mapezi yaliyoziba vumbi, na nyingi zilitupwa kwa kosa la prosesa isiyo na kosa.

Anayeifungua kompyuta ya namna hiyo asiinyanyue hitisinki moja kwa moja. Pesti kavu hushika kama gundi, na kwenye kompyuta za AMD ambazo prosesa yake ina pini, prosesa hung'oka pamoja na hitisinki ilhali wenzo bado umefungwa, pini zikapinda. Iwashe kompyuta dakika chache pesti ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, kisha izungushe hitisinki kulia na kushoto taratibu hadi ilegee. Safisha nyuso zote mbili kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka tone dogo la pesti katikati, ukubwa wa punje ya mchele, na uache shinikizo lilitandaze. Kwa silikoni isiyo na kifuniko mimi napendelea kupaka tabaka jembamba kwa kadi ya plastiki, kwa kuwa pembe ikibaki kavu hapo hakuna shaba ya kuisaidia. Kama hitisinki mpya ina utando wa plastiki kwenye kitako, ubanduliwe. Waya wa feni uchomekwe kwenye pini za feni ya prosesa na si pini nyingine yoyote iliyo karibu, maana waya wa tatu ndio unaoujulisha ubao kama feni inazunguka.

Silikoni uchi haijatoweka. Imo ndani ya karibu kila laptopu na kila kadi ya michoro, ikiwa imefungiwa hitisinki kwa skrubu nne zenye springi. Kwenye laptopu nyingi kando ya kila skrubu pamechapwa namba, 1 hadi 4. Namba hizo huruka kimshazari, na maana yake ni kwamba kila skrubu ikazwe mizunguko miwili, uende kwenye inayofuata, urudi tena, hadi zote zigote kwa pamoja. Fundi anayeikaza ya kwanza hadi mwisho kabla ya kuigusa ya pili anairudia hatari ileile ya Soketi A. Ukiwa na shaka na kazi yako, ifungue tena na usome alama ya pesti: ikiwa imetandaa sawa pande zote, nyembamba kiasi cha kuona rangi ya silikoni chini yake, funga kwa pesti mpya. Ikiwa nene upande mmoja na upande wa pili pamebaki kavu, tafuta kwanza kilichoinua huo upande.