Pazia Lina Nyuso Mbili

Watu wengi huchagua pazia wakiwa wamesimama ndani ya chumba. Hulishika, hulikunja, hulinganisha rangi yake na shuka, kisha hulipa na kuondoka. Wanasahau kwamba pazia lina nyuso mbili: mmoja humtazama mwenye chumba, wa pili humtazama mpita njia. Nguo ya mwilini hufunika mtu mmoja, bali pazia hufunika nyumba nzima, pamoja na maneno yanayosemwa humo usiku. Ndiyo maana kwa miaka yote niliyofundisha sayansi kimu nimelihukumu pazia kwa maswali matatu. Je, linasitiri? Je, linastahimili jua, vumbi na sabuni? Je, lina sababu ya kuwa pale lilipo? Uzuri nauweka wa nne. Siudharau, ila nimeona kwamba pazia likishayajibu hayo matatu, uzuri huja wenyewe.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi umeingia mtindo wa chumba cha kulala uitwao wa kibohemia, nao umefika hata kwetu Soweto, hapa Moshi. Vijana wanao kwenye simu zao. Utaona kitanda cha chini, zulia juu ya zulia, vikapu ukutani, mimea kwenye vyungu, nyuzi zilizosukwa zikining'inia, vitambaa vya nakshi zisizofanana vikikaa pamoja kama ndugu. Na dirishani, karibu kila picha, utaliona pazia jeupe jepesi likipeperushwa na upepo.

Asili ya jina hilo inafaa kujulikana. Bohemia ni nchi iliyomo leo ndani ya Jamhuri ya Cheki. Wafaransa wa zamani waliwaita Waroma, watu wa kuhamahama, kwa jina la nchi hiyo, wakidhani ndiko walikotoka. Baadaye jina likahamia kwa wasanii maskini wa Paris, walioishi kwenye vyumba vya juu visivyo na moto wala chakula cha uhakika. Henri Murger alichapisha kitabu juu yao mwaka 1851, na Puccini akakitolea opera ya La Bohème, iliyochezwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896. Katika opera hiyo mshairi anachoma mswada wake ili chumba kipate joto, na mwenzake anaachana na koti lake ili mgonjwa apate dawa.

Basi mtindo huu ulizaliwa na ukata. Mchanganyiko wake haukuwa wa duka moja. Ulikuwa wa watu waliokusanya kidogo kidogo, hiki kwa kupewa, hiki kwa kununua kwa bei ya kutupa, hiki kwa kurithi. Ndiyo maana nashangaa ninapoona chumba cha kibohemia kilichonunuliwa chote kwa siku moja, vitu vyote vipya, vyote vikijifanya vina historia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mtindo wa kuazima nao ni hivyo hivyo, tena hasa dirishani.

Soweto hatukuhitaji kufundishwa kuchanganya. Jina lenyewe la mtaa tunalitumia pamoja na kile kitongoji cha Johannesburg, na huko Afrika Kusini ni kifupisho tu cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi, silabi zilizounganishwa kama viraka. Ingia katika chumba chochote cha kupanga hapa kwetu: kuna shuka la mitumba kutoka Memorial, blanketi la bibi kutoka mlimani, kitambaa cha kusuka kwa mkono juu ya redio, kalenda ya kanisa, mkeka wa pwani. Hakuna aliyeuita mtindo. Ulikuwa ndio maisha.

Lakini Soweto ina jambo moja ambalo picha zile hazina: majirani. Dirisha la mmoja huweza kuwa hatua chache tu kutoka mlango wa mwingine. Mababu zetu wa mlimani waliishi katika nyumba za msonge zisizo na madirisha, na mpaka wa kihamba ulilindwa na ua wa masale, mmea ambao Mchagga aliuheshimu hata katika kuombana msamaha. Sisi tulioshuka mjini tuna madirisha mengi na masale hatuna. Pazia ndilo masale yetu.

Binti wa marehemu dada yangu amepanga chumba kimoja huku Soweto. Ni mwalimu, ana miaka ishirini na saba, na kwa desturi yetu ni mwanangu. Alitaka chumba chake kiwe cha kibohemia, akaniletea vitambaa vitatu akisema, "Mama mdogo, wewe ndiye mwenye macho ya vitambaa. Nichagulie." Vitambaa hivyo ndivyo ninavyotaka kuvihakiki hapa, kwa sababu naamini vinawahusu wengi.

Cha kwanza kilikuwa neti nyeupe yenye vishada vya nyuzi kwenye upindo. Nitaitendea haki. Ni nyepesi, huruhusu hewa, na miezi ya Januari na Februari, Moshi inapochemka, hewa ni neema. Aidha hufuliwa asubuhi ikakauka kabla ya adhuhuri. Mchana husitiri vizuri, kwa kuwa nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, na jicho la mpita njia huishia kwenye weupe wa kitambaa. Ila jua likizama, mambo hupinduka. Ukiwasha taa, ndani ndiko kwenye mwanga, na neti huwa kama kioo. Jipime hivi: usiku washa taa, simama karibu na kitanda, mwombe mtu unayemwamini atoke nje akuhesabie vidole. Akiviona, hilo ni pambo tu, bado hujapata pazia. Wale wa kwenye picha huenda hawana jirani mbele ya dirisha. Binti yangu anao wanne, na mmoja wao ni baba wa mwanafunzi wake.

Nigusie na ile neti nyingine ya juu ya kitanda, ambayo picha huionyesha imefungwa kando kwa utepe. Kwetu hiyo ni chandarua, kinga ya malaria. Kazi yake ni kuchomekwa chini ya godoro. Chandarua kilichofungwa kwa madaha usiku kucha huwaachia mbu mlango wazi.

Kitambaa cha pili kilikuwa batiki ya mkono, ya rangi ya udongo na buluu iliyokoza. Hapa nilinyamaza kidogo, maana kilikuwa kizuri kweli. Ile mistari myembamba inayotokea nta inapopasuka na rangi kupenya haiwezi kurudiwa mara mbili. Kila kipande ni pekee. Tena batiki iliyotiwa rangi kwa kuchovywa ina nyuso mbili zinazokaribiana, hivyo jirani naye hupata haki yake. Neno hilo siliwezi kulisema juu ya vitenge vingi vya bei rahisi, ambavyo rangi hupigwa upande mmoja, na kwa nje dirisha huonekana limevaa nguo kichwangomba. Lakini nilipolowesha kitambaa cheupe nikaisugua, kikatoka na buluu. Rangi inayotoka kwa maji huenda isidumu mbele ya jua la kila siku. Nikashauri iwe tandiko la kitanda, na ifuliwe peke yake.

Kitambaa cha tatu hakikuwa cha dukani. Ilikuwa doti ya khanga ya mama yake. Dada yangu alifariki mwaka 2019, na doti ile aliiweka sandukuni akaivaa kwa nadra. Binti alitaka ikatwe, ishonwe marinda, itundikwe kwenye dirisha la mashariki, ili kila asubuhi jua likipenya aamke ndani ya rangi za mama yake.

Nani atalipinga wazo kama hilo? Katika vyote vitatu, hiki ndicho kilichokuwa na sababu. Hata hivyo mhakiki hana budi kutenganisha sababu ya kitambaa na mahali pake. Jua la asubuhi ndilo lisilokosa dirisha la mashariki mwaka mzima. Dirisha la kaskazini, linalotazama Kibo, hupata jua la moja kwa moja hasa katikati ya mwaka, wakati ambapo mawingu huwa mengi. La kusini hulipata kuelekea Desemba. La mashariki halipumziki. Pamba iliyopigwa chapa haiwezi kusimama hapo miaka mingi bila kupauka. Angeamka ndani ya rangi za mama yake, naam, huku kila asubuhi ikimpunguzia rangi hizo.

Liko na jambo la umbo. Kitenge ni nakshi inayojirudia. Ukikata popote, ukikunja popote, hakilalamiki. Khanga ni ukurasa uliokamilika: una pindo pande zote nne, una mji katikati, una jina lililoandikwa chini. Ukiikata umekata sentensi. Ukiitia marinda, maneno humezwa na mikunjo. Na ukiyageuzia maneno nje, umemkabidhi mpita njia ujumbe usiokuwa wake. Maneno ya khanga ile siyaandiki hapa. Ni ya mama na mwanawe.

Hukumu yangu ikawa hivi. Dirishani kiende kitenge cha pamba chenye rangi iliyoshika pande zote mbili, nyuma yake bitana ya merikani. Bomba lake lina urefu wa mita 1.4, na pazia linashuka mita 1.5. Kipande cha yadi 6, ambacho ni karibu mita 5.5, kikikatwa mara tatu kwa mita 1.75 hutosha pamoja na upindo wa juu na wa chini. Na kwa kuwa upana wa kitambaa ni kama mita 1.15, vipande vitatu vikiunganishwa hutoa marinda ya zaidi ya mara mbili ya bomba. Marinda machache hulifanya pazia lionekane kama shuka lililoanikwa. Bitana hupokea jua kwa niaba ya kitenge, na usiku huzima kivuli cha mtu. Fundi cherehani yeyote aliye barazani ataimaliza kazi hiyo kabla ya jioni.

Ikiwa mtu atauliza ubohemia uko wapi hapo, namwomba akitazame kitambaa chenyewe. Merikani ilipata jina kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Unguja na merikebu za Marekani kutoka Salem, Massachusetts. Kitenge nacho kina ukoo na batiki za Java, ambazo viwanda vya Waholanzi viliziiga kwa mashine na kuziuza Afrika Magharibi kabla ya mtindo huo kusambaa barani. Dirisha moja la Soweto linabeba safari ndefu kuliko zile za picha, na halijifanyi.

Nayo khanga? Chumba ni kimoja. Kitanda na kiti cha mgeni vinatazamana. Mahali penye kudai pazia kuliko hata dirisha ni hapo katikati, na hapo jua halifiki. Khanga mbili za doti zikiwekwa moja juu ya nyingine, pindo kwa pindo, hufikia kimo cha zaidi ya mita mbili na upana wa mita moja na nusu. Hazikatwi. Huunganishwa kwa mkono, kwa bandi za mbali mbali ziwezazo kufumuliwa, na juu hutiwa vitanzi vya utepe ili bomba lisiichubue nguo. Zitundikwe zikiwa zimenyooka, bila marinda, na maneno yaelekee kitandani.

Binti aliuliza swali moja tu: "Na mgeni ataona nini?" Nikamwambia ataona mgongo wa khanga, rangi zilizofifia kidogo na maandishi yaliyogeuka, na kama ana adabu ataelewa kwamba upande wa pili kuna mtu na mambo yake. Hakuridhika papo hapo. Alikuwa amekwisha kuiona ile picha ya jua la asubuhi, na picha kama hiyo haiondoki kwa hesabu za mita. Alikaa nayo wiki mbili, khanga zikiwa zimekunjwa juu ya kiti, ndipo akaniletea uzi wa rangi inayofanana na pindo.

Sidai kwamba kila mwenye chumba afuate hukumu hii. Anayeishi peke yake shambani, ambaye jirani yake ni mgomba, na atundike neti apendavyo. Asiye na khanga ya kurithi asiinunue sokoni na kuitungia hadithi. Kitenge kizuri kitamtosha, na miaka itakipa hadithi yake. Ninachokipinga ni kuchagua pazia kwa macho ya mtu asiyelala chumbani humo wala hapiti mbele ya dirisha hilo. Vitambaa visivyofanana vinaweza kukaa pamoja vizuri sana, mradi kila kimoja kiwe mahali ambapo kazi yake haikiui. Cha kustahimili jua kikae juani. Cha kutunzwa kikae kivulini, karibu na mwenye nacho.