'Mshtarii moto': jina linalopotosha

NIMESIKIA mara si haba, redioni na hata darasani, sayari ya 51 Pegasi b ikiitwa 'Mshtarii moto'. Hebu tulitazame jina hili, maana wanaopotoshwa nalo ni wanafunzi.

Sayari yenyewe iligunduliwa mwaka wa 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz, waliotumia darubini ya Haute-Provence nchini Ufaransa. Ni jitu la gesi lenye tungamo lisilopungua takriban nusu ya lile la Mshtarii, ila limeikaribia nyota yake mno: kilomita milioni nane hivi, ilhali sisi tuko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Mwaka wake ni siku nne na kitu! Wawili hao walituzwa Nobel mwaka wa 2019.

Sasa, Mshtarii, sawa na Zuhura na Zohali, ni nomino ya pekee iliyotoka katika Kiarabu (ambako, ajabu, neno lilo hilo humaanisha mnunuzi). Nomino ya pekee hutaja kitu kimoja. Ukiiongezea 'moto', msikilizaji ataelewa kwamba ni Mshtarii hii yetu iliyopata joto, na Mshtarii yetu ni baridi kupindukia. Wapo wanaojitetea ati Kiingereza husema hivyo. Sawa, lakini Kiingereza hulitia jina hilo wingi likawa la jamii nzima ya sayari. Sisi tutasemaje? Washtarii moto? Mishtarii moto?

Mimi napendekeza 'sayari jitu moto'. 'Moto' hapo linafanya kazi ile ile ya kwenye 'maji moto', nao upatanisho unafuata 'sayari': sayari jitu moto inazunguka, sayari jitu moto zinazunguka. Kuna wasemao kwamba 'jitu' linanukia hadithi za mazimwi. Sioni ubaya, kiambishi ji- ni cha ukubwa, na ukubwa ndio tunaoutaja.

Kosa jingine linaloandamana na hili ni 'mwaka wa nuru'. Huo si muda, ni umbali: nuru husafiri karibu kilomita trilioni 9.5 kwa mwaka. Kwa hivyo, sema sayari hiyo iko umbali wa takriban miaka 50 ya nuru, wala si kwamba ilitokea 'miaka 50 ya nuru iliyopita'.